Nani Amewaloga Nzi?

Bartolomayo alikuwa dresa, tena dresa wa kuheshimiwa. Tangu aliporudi kutoka vitani Burma hakuwa na kazi nyingine ila kufunga vidonda, kupasua majipu na kuchoma sindano katika hospitali moja pale Dodoma mjini. Akina mama waliotoka vijijini na watoto wao mgongoni walikuwa wakimwulizia kwa jina. Kaptula zake nyeupe alizipiga pasi mwenyewe, maana pasi ya mkewe hakuiamini. Na kama kuna kiumbe alichokichukia kwa moyo wake wote, basi ni nzi. Karibu kila asubuhi alisimama barazani mbele ya wagonjwa akawahubiria: funikeni chakula, chimbeni vyoo, nzi ni adui.

Mwaka 1954, mvua ilipoikataa Ugogo kwa mara nyingine, Bibi Daktari akamwita ofisini akamwambia kwamba kuanzia Jumatatu atamsaidia kulea nzi.

Bartolomayo alidhani Kiswahili cha yule mama kimepotea njia.

"Kuua, Mama?"

"Kulea," alisema Bibi Daktari. "Kuwalisha. Kuwatunza wasife."

Jina lake hasa lilikuwa Daktari Winslade. Alikuwa Mwingereza mrefu mwenye shingo iliyobabuka kwa jua, hana mume, hana mzaha, na asubuhi zote alikuwa wodini akifanya kazi kama punda. Alipohamia Dodoma alishuka kwenye treni amekumbatia kisanduku ambacho hakumruhusu mpagazi hata akiguse. Ndani yake, ikajulikana baadaye, mlikuwa na vichupa vya nzi. Si wale nzi wakubwa wa chooni, bali vile vidogo vya rangi ya kahawia, vyenye macho mekundu, vinavyozunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi. Aliwaweka kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya machela, na kila alasiri alijifungia humo nao.

Alimweleza Bartolomayo sababu, na alieleza vizuri, hilo haliwezi kukataliwa. Katika nzi wale kulikuwa na ukoo mmoja ambao funza wake walipatwa na uvimbe mweusi ndani ya mwili. Wengine uvimbe huo uliwaua, wengine waliota mabawa wakaishi nao. Yeye alitaka kujua uvimbe unarithiwaje, na unaanzaje, kwa sababu saratani ya binadamu nayo ni nyama ya mwili iliyosahau kuacha kukua.

"Kwa nini usiwatazame watu wenyewe, Mama?" aliuliza Bartolomayo. "Wodini wamo."

"Binadamu siwezi kumngojea mpaka nione wajukuu wake. Nzi, ndani ya mwezi mmoja ninamwona bibi, mama na mjukuu."

Bartolomayo aliitikia, "Ndiyo, Mama," akatoka akiwa na joto kichwani. Mtu aliyevuka bahari na kurudi na medali leo amefanywa yaya wa nzi!

Na nzi wenyewe walikuwa na madai kuliko wagonjwa wa daraja la kwanza. Walitaka uji wa unga wa mahindi uliotiwa sukari guru na hamira, umwagwe ungali moto kwenye chupa za maziwa, upoe, kisha chupa zizibwe kwa pamba. Uji ukiwa mwepesi, nzi walizama. Ukiwa mzito, ulipasuka ukabanduka. Joto la mchana likizidi, madume yaligoma kuzaa, kwa hiyo ilibidi mashuka mabichi yatundikwe dirishani, na maji ya kuyalowesha yalitoka kisimani, na kisima mwaka ule kilikuwa na foleni ya watu wenye hasira. Sungusungu, wale chungu weusi, waligundua sukari guru, wakapanda meza usiku wakala kizazi kizima. Bartolomayo akaisimamisha miguu ya meza kwenye makopo ya mafuta ya taa. Sungusungu wakapita darini wakashuka kwa kamba ya taa.

"Afadhali ndui," alimwambia mkewe. "Ndui ikikushika inakuachia."

Anyesi, mkewe, hakumhurumia. Ng'ombe wao waliokuwa kwa kaka yake walikuwa wamekufa kwa kiangazi mmoja baada ya mwingine, na hasira yake aliimaliza hapo.

"Wanaume wa Kigogo wanachunga ng'ombe," alisema akichambua mboga. "Wangu anachunga nzi."

Neno hilo lingebaki nyumbani kama si Gulamrasul, mwenye duka la vyakula karibu na stesheni, ambaye ndizi zake zilikuja na treni ya Morogoro. Bartolomayo alifika dukani akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna ndizi zilizooza.

"Zilizooza!" Gulamrasul alipaza sauti mpaka wateja wote wakageuka. "Bwana Dresa, mimi nauza mali safi. Mgonjwa gani huyu anakula ndizi ya kuoza?"

"Si mgonjwa. Ni nzi."

"Nzi wangu nawafukuza bure, wewe wako unawanunulia chakula?" Gulamrasul alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanzu. Kufikia Ijumaa hapakuwa na mtu sokoni asiyemwita Bartolomayo mchunga nzi.

Siku moja alasiri, Bartolomayo akiwa nje ya kile chumba anakoroga uji kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, alitokea shemeji yake Marko. Marko alikuwa mume wa dada yake mkubwa, Loisi, na waliishi Miyuji, ambako mwaka ule walikuwa wakila mizizi ya porini na mahindi ya serikali yaliyokuja kwa zamu. Mashavu ya Marko yalikuwa yameingia ndani. Walisalimiana kwa kirefu, kama inavyopasa, lakini macho ya Marko hayakutoka kwenye sufuria.

"Una mgonjwa?" aliuliza.

"Hapana."

"Uji wa nani huo?"

Bartolomayo alitamani kudanganya. "Wa nzi," alisema.

Marko akauinamia uji, akaunusa, akasikia sukari guru. Kisha akachukua mwiko kutoka mkononi mwa shemeji yake, akachuchumaa, akala. Bartolomayo alisimama akimtazama na hakuthubutu kumzuia. Angemwambia nini? Marko alikomba sufuria kwa kidole, akafuta mdomo, ndipo akasema kilichomleta.

"Dada yako ana jiwe kwenye ziwa, hapa kifuani. Limeanza kupasua ngozi. Amekuwa akilificha chini ya kaniki."

Kesho yake Bibi Daktari alipouliza kwa nini chupa ni tupu, Bartolomayo alimjibu waziwazi kwamba uji ameula shemeji yake. Alijitayarisha kwa ugomvi. Hata maneno alikuwa nayo, makali, kuhusu watu wanaokufa njaa na wadudu wanaonenepeshwa. Bibi Daktari akamkunjia uso.

"Ule ulikuwa na dawa ya kuzuia ukungu. Ametapika?"

"Hapana, Mama. Ameuliza kama kuna mwingine."

Bibi Daktari alimwangalia kidogo, akasema, "Basi mpe wa kesho ambao hatujautia dawa," akarudi kwenye darubini yake. Ugomvi wote ule ukabaki kifuani mwa Bartolomayo hauna pa kutokea, na hilo lilimuudhi zaidi kuliko kama angefukuzwa kazi.

Loisi aliletwa juu ya punda wa kuazima. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye ulimi mkali, ambaye ndiye aliyemlea Bartolomayo, na hata siku ile alipoketi barazani akitetemeka alipata nguvu ya kumwambia kwamba kola yake imekaa upande. Bibi Daktari alimpima, akamlaza, akamkata lile ziwa. Baadaye alimwita Bartolomayo ukumbini, akavua miwani.

"Nimeondoa nilichoweza. Lakini uvimbe umeshafika kwapani."

"Utarudi?"

"Nadhani utarudi."

Hapo yale maneno yaliyokuwa yamekosa njia yakaipata. "Mama, umewakalia wale nzi mwaka mzima. Wana ugonjwa huohuo, umeniambia mwenyewe. Nimewapikia, nimewabembeleza, nimekuwa kichekesho cha mji. Wamekuambia nini? Neno moja tu ambalo litamsaidia dada yangu."

"Hakuna," alisema Bibi Daktari. Hakukasirika. "Kwa dada yako, hakuna. Najua tu kwamba wapo wanaozaliwa na mlango wazi na wapo wanaozaliwa umefungwa. Sijui nani anaufungua."

Bartolomayo angependelea adanganywe.

Loisi alikuwa hajatoka wodini, Miyuji kukazuka jambo jingine. Katika boma la Marko aliishi Ruthu, mjane wa marehemu kaka yake, mwanamke mpole kupita kiasi ambaye siku moja tu katika maisha yake aligombana na Loisi, wakigombea jiwe la kusagia. Siku hiyo, kwa hasira, alimchoma Loisi kidole kifuani. Watu waliona. Sasa Marko na nduguze walikumbuka kidole kile, wakasema ndicho kilichopanda jiwe. Walikuwa wametuma mtu kwenda kumleta mganga kutoka upande wa Chimwaga aje amfichue mchawi, na kila mtu alijua atakayefichuliwa ni nani. Ruthu angefukuzwa bomani katikati ya njaa, hana mume, hana mtoto, hana pa kwenda.

Habari hizo zilimfika Bartolomayo kwa kinywa cha Marko mwenyewe, aliyekuja kumwona mkewe. Bartolomayo hakubishana. Alimshika shemeji yake mkono akampeleka kwenye chumba cha nyuma, akamkalisha kwenye darubini, akamwekea chini ya kioo funza wawili waliotolewa katika chupa moja.

"Tazama. Jicho moja, lingine lifumbe. Umeona?"

"Naona funza."

"Mmoja ana nini tumboni?"

Marko alirekebisha kichwa. "Ana kitu cheusi. Kama punje ya uwele."

"Huo ni uvimbe. Sasa nisikilize, shemeji. Hawa wamekula uji mmoja. Wamelala chupa moja. Hawana shamba, hawana ng'ombe, hawana jiwe la kusagia la kugombea. Huyu ana uvimbe, huyu hana. Mwenye uvimbe, mama yake alikuwa nao, na bibi yake pia, niliwaona kwa macho yangu. Haya, niambie: nani amewaloga hawa nzi?"

Alijisikia vizuri sana aliposema hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile ya aibu, nzi walikuwa wamemfaa.

Marko alitazama kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeelewa.

"Anayewalea ni nani?" aliuliza.

"Bibi Daktari."

"Na wewe."

"Na mimi, ndiyo, kwa amri yake."

"Na walipokuwa kwao Ulaya walikuwa na uvimbe huu?"

"Ndiyo, ndiyo maana akawaleta..."

"Akaja nao huku." Marko alisimama, akajisogeza taratibu mpaka mlangoni bila kuipa mgongo ile meza. "Basi, shemeji, umeshanijibu."

Bartolomayo alibaki na mikono hewani. Jioni ile alimsimulia Anyesi, naye akaketi chini akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha kucheka ghafla, kwa sababu alikuwa na akili kuliko mumewe katika mambo ya watu.

"Sasa watasema ni wewe," alisema.

Walisema. Kabla ya wiki kwisha Miyuji yote ilijua kwamba mdogo wake Loisi anafuga ule ugonjwa kwenye chupa, anaulisha uji na ndizi, na kwamba wakati ng'ombe wa watu wakifa yeye mifugo yake inaongezeka. Ruthu aliachwa apumue. Sokoni lile jina la utani likakoma. Watu walianza kumsalimia Bartolomayo kwa adabu ya woga, ya kupisha njia. Mama mmoja aliyemleta mtoto kufungwa kidonda aliomba dresa mwingine. Hilo lilimuuma kuliko vicheko vyote vya Gulamrasul.

Alikwenda kwa dada yake akiwa amekasirika kama mtoto. Loisi alikuwa ameketi kitandani, bandeji kifuani, akimkaripia mgonjwa wa jirani kwa kukoroma.

"Mumeo ananiita mchawi," alisema Bartolomayo.

"Nimesikia. Nioneshe hao wadudu wako."

"Dada, huwezi kutembea."

"Wewe ulijifunza kutembea umeshika kidole changu. Niinue."

Alimwinua. Walikwenda polepole, wakipumzika kwenye kila nguzo ya baraza. Loisi aliinama juu ya darubini, akafumba jicho lisilotakiwa, akafumbua, akapata.

"Huyu mwenye doa," alisema baadaye. "Anaumwa?"

Kwa mwaka mzima Bartolomayo hakuwahi kujiuliza hilo. "Sijui," alisema.

"Anatembea kama mtu ambaye bado hajaambiwa." Aliendelea kutazama. "Marko anasema ulimweleza kwamba mama yake alikuwa nao."

"Mama yake, na bibi yake."

Loisi aliinua kichwa. "Barto, mama yetu alikufa kwa nini?"

"Kifua," alijibu upesi. Hivyo ndivyo alivyoambiwa alipokuwa mdogo, na alipokuja kuwa dresa akajua maana yake: kikohozi kikavu, homa za jioni, kifua kikuu. Hata alikuwa akiwatolea wagonjwa mfano wa mama yake.

"Kifua," Loisi alirudia. "Nani alimwosha? Wewe ulikuwa machungani. Nilimwosha mimi na shangazi. Alikuwa amejifunga kitambaa hapa, na tulipokifungua..." Hakumaliza. Alijishika juu ya bandeji. "Hakukohoa hata mara moja. Wewe ndiye uliyemtia kikohozi."

Bartolomayo aliketi juu ya debe la mafuta ya taa. Loisi hakumsubiri. Alidai Marko aitwe.

Marko alipofika alisimama mbali na mlango wa kile chumba, kofia mkononi. Loisi alimsemesha kwa Kigogo, kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia.

"Lile jiwe lilikuwepo kabla Ruthu hajaninyooshea kidole. Lilikuwepo kabla mdogo wangu hajapewa nzi. Nililigusa mara ya kwanza tukivuna uwele, mwaka ule tulipokuwa bado na uwele wa kuvuna. Nikanyamaza. Unajua kwa nini nilinyamaza?"

Marko alitikisa kichwa.

"Kwa sababu nilijua mtafanya hivihivi mnavyofanya. Mtatafuta mtu. Mama alinyamaza kwa sababu hiyo, nami nikanyamaza, na sasa nimekatwa kipande, nanyi mnataka kumkata na Ruthu. Mimi si mtu wa kulogwa na mwanamke asiyejua hata kupika mlenda! Mwambie mganga wako asije, na mbuzi wa malipo yake tutamla wenyewe."

Marko alirudi Miyuji. Hakusema kwamba amesadiki, na pengine hakusadiki, lakini alimwogopa mkewe kuliko alivyowaogopa nduguze, na mganga hakuja. Ni Ruthu aliyekuja, na kibuyu cha maji na mboga za majani, akakaa miguuni pa kitanda cha Loisi, wala hakuondoka mpaka mgonjwa aliporuhusiwa kwenda nyumbani.

Siku ya kuruhusiwa, akiwa tayari juu ya punda, Loisi alimwita mdogo wake karibu akamwuliza kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake.

"Na binti zangu?"

Bartolomayo alikimbilia kwa Bibi Daktari na swali hilo. Alitaka jibu moja, hata baya. Bibi Daktari alisema huenda. Alisema mtu si nzi. Alisema wasichana wapimwe kila mwaka, na wakigusa chochote, hata kidogo, waje siku hiyohiyo. Ndiyo yote aliyokuwa nayo baada ya chupa zile zote. Bartolomayo alirudi akampa dada yake yote hayo jinsi yalivyo. Loisi alijiweka sawa juu ya punda.

"Si mengi," alisema.

"Si mengi."

"Wewe utawapeleka. Marko atasahau."

Mvua zilirudi. Bibi Daktari akahamishwa, naye Bartolomayo akafunga nzi wake kwenye vichupa vilivyotiwa uji mpya, akampelekea stesheni. Mama yule alimpa mkono, akamshukuru, akapanda na kisanduku chake magotini. Kama nzi wale walikuja kumwambia mtu jambo kubwa zaidi, Bartolomayo hakupata kusikia. Alirudishwa wodini kufunga vidonda.

Loisi aliishi akaona mavuno mengine mawili, kisha akafa bomani kwake, akiwa ametunzwa na Ruthu mpaka mwisho. Aliagiza kwamba kitambaa kisifungwe kifuani pake. Anayetaka kuona aone.

Tangu hapo, kila kiangazi kilipoanza, Bartolomayo alikuwa akitembea kwa miguu hadi Miyuji kuwachukua binti za dada yake kwenda kupimwa. Mdogo alikubali upesi. Tereza, mkubwa, aliyekuwa na umbo la mama yake na ulimi wake vilevile, alikuwa na sababu mpya kila mwaka: mtoto ana homa, shamba lina ndege, daktari mpya ana mikono baridi. Mwaka mmoja alipomwona mjomba wake anakuja kwa mbali alijifungia ndani ya tembe yao ya paa bapa, akaweka na kinu nyuma ya mlango.

"Tereza!" aliita Bartolomayo. "Nimetembea tangu alfajiri!"

"Shikamoo, Mjomba," sauti ilijibu kutoka ndani. "Sijambo kabisa. Rudi tu."

"Nani kakuuliza kama hujambo? Fungua!"

"Mwaka jana ulisema ndio wa mwisho."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema."

Ruthu, aliyekuwa akianika mboga juu ya paa, alimwashiria kwa mkono akae chini, akamnong'oneza kwamba Tereza hana maji humo ndani na atatoka tu. Bartolomayo alipangusa vumbi kwenye kaptula yake nyeupe, akaona haisaidii kitu, akaketi chini kivulini penye ukuta, mgongo ukiegemea mlango, akaanza kumweleza Tereza tena tangu mwanzo, kuanzia wale nzi.